Maji ya Vidole Vinne

Kijijini, Jumamosi alasiri

Mwanangu Nyangeta,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali, lakini mimi na wewe tumekunywa uji pamoja leo asubuhi na hali yako naijua. Sasa umekwenda na mama yako kumuaga bibi yako kule Butiama. Mimi nimefunga mlango wa karakana, nimekaa kwenye benchi la kurandia na daftari hili la mistari. Mwandiko wa fundi mbao unaujua. Vumilia.

Sitakuandikia habari za sanduku wala sabuni wala nani wa kukaa naye kwenye basi. Hayo mama yako ameshayasema mara tatu na kesho atayasema tena. Mimi nina jambo moja, na nimekaa nalo tangu ukiwa na miaka sita. Nimejaribu kulisema kwa mdomo. Juzi tulipokuwa tunafunga sanduku lako kamba nilianza, nikasema, "Nyangeta," ukaitika, "Abee Baba," nikakuomba kisu. Ndiyo maana naandika.

Kesho unakwenda chuo kujifunza kulea watoto wadogo. Kijiji kizima kinafurahi, na mimi nafurahi. Lakini siku ile barua ya chuo ilipofika, ukaisoma kwa sauti, "mafunzo ya walezi wa chekechea," mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya banda la mbuzi. Ukaniuliza nina nini, nikasema moshi wa jikoni. Haukuwa moshi.

Ni habari ya mdogo wako Majura.

Nianzie mbali kidogo, maana mengine ulikuwa mdogo mno kuyajua. Mimi nilikuwaga fundi mitumbwi pale Musoma, upande wa Mwigobero, kabla wewe hujazaliwa. Nilijifunza kwa baba yangu mdogo. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuziba nyufa za mbao kwa pamba na lami, na nilikuwa nasifiwa kwamba mtumbwi nilioziba mimi hauvuji miaka miwili. Baada ya Azimio la Arusha, mikutano ilianza kila mahali, na mimi nilikuwa kati ya wale walioamini. Sikusombwa na mtu. Nilipakia randa, patasi na misumeno yangu kwenye lori la ushirika, nikamchukua mama yako na wewe ukiwa mgongoni, tukaja huku bara kuanza kijiji na wenzetu. Nilitaka kuwa fundi wa watu wote, si wa tajiri mmoja mwenye mitumbwi kumi. Hilo silijutii hata leo.

Nilitengeneza madawati ya shule, mipini ya majembe, milango ya zahanati. Majura alizaliwa hapa hapa, mwaka wa pili wa kijiji. Shamba la pamba la ushirika lilipokuwa kubwa, akina mama wote wakawa wanatoka asubuhi kwenda kupalilia na kuchuma, na kijiji kikaamua kuwe na chekechea. Ilikuwa banda la nyasi lisilo na kuta, mikeka minne, na sufuria ya uji. Mlezi alichaguliwa Bhoke, binti wa miaka kama kumi na tisa, aliyesoma mpaka darasa la nne. Wewe ulikuwa unamwita Dada Bhoke. Sijui kama sura yake unaikumbuka. Alikuwa mrefu, na alikuwa na pengo la jino mbele.

Siku moja alikuja hapa karakana akasimama mlangoni.

"Fundi Magesa, nisaidie. Watoto wanalia tangu mama zao wanapoondoka mpaka saa nane. Nimeimba mpaka sauti imekauka."

Nikamwambia, "Sasa mimi nitaimba?"

Akacheka. "Hapana. Nimeona kitu. Debe la maji likivuja, wote wanakwenda kukaa pale. Wanashika matone. Wananyamaza kabisa. Nitengenezee kitu cha maji."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wazo halikuwa langu, lilikuwa la Bhoke, ingawa baadaye niliwaachia wageni waamini kuwa ni la kwangu.

Nilianza kwa makosa ya kuchekesha. Nilichonga mtumbwi mdogo wa mvule, mzuri kweli, una makasia na benchi ndani. Nikaubeba mpaka bandani, nikauweka kwenye beseni. Watoto waliutazama kidogo wakauacha. Mtoto wa jirani akachukua kopo la maziwa lenye tundu chini, akalijaza maji, akaliinua juu akaangalia yanavyotoka. Akajaza tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Mimi nilirudi nyumbani nimenuna kama mtoto mwenyewe.

Kesho yake niliacha randa nikaenda kukaa pale bandani kwenye kigoda. Nilikaa siku tatu, nikiangalia tu. Niliona kwamba mtoto mdogo hataki kitu kizuri cha kutazama, anataka kujaza na kumwaga. Anataka maji yapotee hapa yatokee pale. Mtoto wa miaka mitatu atasimama kwa nusu saa akiziba tundu kwa kidole na kulizibua. Basi nikarudi nikatengeneza hori, kama hori la kunyweshea ng'ombe, lakini la futi nane, lenye miguu mifupi, kimo chake kwenye kitovu cha mtoto. Kingo nilizipiga msasa mpaka zikawa laini kama sabuni. Ndani nikaweka vizuizi vitatu vyenye matundu, na kila tundu na kizibo chake cha gunzi la hindi. Kutoka kwenye hori kwenda debe la chini niliunganisha mashina ya majani ya mpapai, yale yenye uwazi ndani, yakawa mabomba. Yakichakaa watoto walikwenda wenyewe kukata mengine. Nikatoboa vibuyu vidogo matundu mengi, vikawa mvua. Nikatengeneza gurudumu dogo la vifuniko vya makopo, maji yakianguka juu yake linazunguka na kulia tiki tiki tiki.

Maji yenyewe tuliyachota kisimani, kwa hiyo nilihakikisha hayapotei. Yalizunguka kutoka hori hadi debe, na jioni Bhoke aliyamwaga kwenye nyanya za shule. Kina chake kilikuwa vidole vinne. Nilipima kwa mkono wangu, nikakwaruza alama kwa patasi, nikamwambia Bhoke maji yasipite hapo. Sikukisoma mahali popote. Nilifikiri tu kwamba mtoto akianguka kifudifudi, aweze kuinua uso.

Nyangeta, sijui kama unakumbuka furaha ya miezi ile. Wewe ulikuwa msimamizi wa kibuyu cha mvua, huruhusu mtu akiguse bila zamu. Majura alikuwa wa vizibo. Alikuwa anavitoa vyote anavificha kwenye kaptula, halafu anakaa juu yake kimya, na Bhoke anauliza, "Vizibo vimekwenda wapi jamani?" na yeye anajibu, "Vimelala." Akina mama waliacha kugeuka nyuma wakienda shamba. Mama yako aliniambia usiku mmoja kwamba kwa mara ya kwanza tangu tuhamie amechuma pamba bila kufikiria chochote.

Kama ningeishia hapo, leo nisingekuandikia.

Walipita maofisa wa maendeleo kutoka Musoma. Walisimama pale kwenye hori, wakaangalia watoto, mmoja wao akavua viatu akacheza na gurudumu. Akaniambia, "Mzee, hiki kitu nchi nzima ikione." Wakasema wageni wakubwa wa mkoa watakuja kutembelea kijiji, na wangependa waone kitu kikubwa zaidi, kitu cha kupigwa picha. Saruji wangetuletea wao.

Mimi sikulala kwa furaha. Nilianza kuchora kwenye ubao. Nikaacha kukaa kwenye kigoda na watoto. Nikajenga bwawa la saruji, nusu limezama ardhini, na juu yake gurudumu la mvule la kimo cha mtu mzima, lenye makopo kumi na sita. Watoto wawili wakikanyaga ubao kwa zamu, gurudumu linageuka, linachota maji bwawani na kuyamwaga juu kwenye mfereji, na mfereji unarudisha bwawani. Ili makopo yachote vizuri, maji yalihitaji kufika kwenye goti langu. Goti langu mimi, Nyangeta. Kifua cha mtoto wa miaka mitatu.

Bhoke alikuja kuliona bwawa, saruji ikiwa bado mbichi. Alizunguka bwawa lote.

"Fundi, hili ni refu."

"Gurudumu haliwezi kuchota kwenye vidole vinne."

"Naelewa. Lakini mtoto akiinama hapa anatumbukia. Na mimi niko peke yangu, watoto thelathini na wawili."

Nikamjibu, na nakumbuka nilikuwa nakata kucha kwa kisu bila hata kumtazama, "Bhoke, wewe kazi yako kuangalia watoto. Kutengeneza ni kazi yangu."

Akasema kwa adabu, "Basi naomba mfuniko. Wakilala nifunike."

Nikamwahidi. Mbao za mfuniko nilikuwa nazo, zilikuwa zimeegemea ukuta huu huu ninaoutazama. Siku mbili kabla ya wageni nikaona gurudumu moja halitoshi, yatapendeza zaidi yakiwa mawili, moja kubwa na moja dogo yanashikana. Nikazikata zile mbao nikatengeneza gurudumu la pili.

Wageni walikuja, walipiga makofi, walipiga picha. Nilishikwa mkono na watu wenye saa za mkononi. Wakaniomba nitengeneze mfano mdogo wa bwawa lile, wa kuweka mezani kwenye maonyesho ya mkoa. Nilisahau mfuniko kabisa. Bhoke alinikumbusha mara mbili, na mara mbili nikasema "wiki ijayo."

Siku yenyewe sitaiandika kwa urefu. Ilikuwa baada ya uji, watoto wamelala kwenye mikeka. Nilikuwa hapa karakana, na mlango ulikuwa wazi, ukitazama bandani. Nilikuwa napiga randa gurudumu dogo la ule mfano. Bhoke alipita anakimbia, amembeba mtoto mmoja wa jirani mikononi, mtoto amekakamaa na macho yamegeuka.

"Fundi! Ana degedege, nampeleka zahanati! Naomba uwaangalie watoto, wote wamelala!"

Nikasema, "Nenda, nakuja."

Maneno ni hayo. Nilimsikia na nilimjibu. Akaondoka mbio kwa sababu aliamini kwamba mtu mzima amesema anakuja. Mimi nikajiambia nimalize upande huu, mbao ikiachwa nusu itapinda. Nikamaliza upande ule. Nikageuza. Nikaanza wa pili.

Kilichonitoa ni sauti yako. Uliamka ukakuta nafasi ya Majura kwenye mkeka haina mtu, ukaenda bwawani. Nilikuta umesimama pale umeshika kaptula yake kwa mikono miwili unavuta, na hukuwa na nguvu za kumtoa. Nilimtoa mimi. Mama yako alikuja kutoka shamba na mfuko wa pamba bado umefungwa kiunoni, pamba zinaanguka njia nzima. Mtoto wa degedege alipona. Bhoke alikuwa anarudi anatabasamu kutuambia kwamba amepona.

Baada ya mazishi, mwenyekiti aliitisha mkutano. Lazima, mtoto amekufa kwenye mali ya kijiji. Uliletwa na bibi yako, ulikaa mapajani mwake. Mwenyekiti hakuuliza nani alijenga. Aliuliza nani alikuwa zamu. Bhoke alisimama akaeleza yote, taratibu, kama nilivyokueleza. Akasema, "Nilimwomba Fundi aangalie watoto. Akaniambia, nenda, nakuja."

Mwenyekiti akanigeukia. "Baba Majura, pole kwa msiba. Ulimsikia?"

Watu wote walinitazama kwa huruma. Mimi ndiye mfiwa. Mama yako alikuwa amekaa na wanawake, amefunikwa kanga mpaka machoni. Bhoke alinitazama bila wasiwasi wowote, maana alikuwa anajua nitasema nini.

Nikasema, "Sikusikia."

Nilitaka kuendelea, nikasema labda kelele za randa. Mwenyekiti akasema, inatosha mzee, kaa. Bhoke hakupiga kelele. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Aliacha watoto wa watu," na mwingine akadakia, na ikawa hivyo. Aliondolewa kwenye ulezi. Mchumba aliyekuwa naye, kutoka upande wa Bunda, ndugu zake walirudisha neno kwamba hawataki tena. Kabla ya mwezi kwisha yeye na mama yake walibeba vyombo vyao wakaelekea Buhemba kwa miguu.

Wiki ile nilivunja kila kitu. Si bwawa tu. Nilivunja na hori la vidole vinne, na mabomba, na vibuyu, nikalijaza bwawa mawe na udongo. Watu walisema uchungu umemzidi. Uchungu ulikuwepo, mwanangu, usidhani haukuwepo. Lakini pia kila nilipoona ile alama ya patasi, ilikuwa inaniambia kwamba nilikuwa najua.

Sasa nije kwako.

Mama yako kila asubuhi alikuwa anakuambia, "Mshike mdogo wako mkono." Ni maneno ambayo kila mama anamwambia mtoto mkubwa. Baada ya pale, nilikuona unabadilika. Ukiletewa mtoto mdogo umbebe, unaweka mikono nyuma. Ulikuwa hulali mchana, hata ukiwa na homa. Nilijua sababu. Nilijua, Nyangeta. Na ulipokuwa na miaka kumi na moja, tunatoka Kiabakari kununua misumari, uliniuliza njiani, "Baba, kama siku ile nisingelala, Majura angekuwa darasa la ngapi?"

Ulinifungulia mlango wewe mwenyewe. Nikakuambia, "Hayo tusizungumze, utamliza mama yako." Ukasema, "Ndiyo Baba." Hukuuliza tena. Tulitembea mpaka nyumbani, ukanisaidia kubeba misumari.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la mkutano. Mkutanoni nilikuwa na siku mbili tangu nimzike mtoto, sikuwa na akili, naweza kujitetea kidogo. Njiani siku ile nilikuwa na akili zangu zote. Nilimwacha mtoto wangu abebe kitu changu kwa sababu nilizoea kutembea bila kukibeba.

Basi soma hapa polepole. Hukufanya kosa lolote. Ulikuwa mtoto wa miaka sita aliyelala mchana kama alivyoambiwa alale. Aliyetakiwa kuwa macho alikuwa mtu mzima aliyejibu "nakuja," na aliyejenga maji marefu mahali pa watoto, na aliyekata mbao za mfuniko kwa sababu ya kupigiwa makofi. Ni mimi. Ulichofanya wewe ni kumvuta.

Miezi miwili iliyopita, wewe ukiwa bado shuleni, nilikwenda Buhemba. Nilikuwa nimeitwa kuezeka paa la shule pale, lakini kazi ingeweza kufanywa na mtu mwingine. Nilimuulizia Bhoke. Ana nyumba ya tope karibu na machimbo ya zamani, ana watoto wanne, mume wake anafanya kazi ya kuchunga ng'ombe za watu. Nilimkuta anaanika mtama. Alinitambua kabla sijasalimia.

"Shikamoo Fundi," akasema.

Nikamwambia, "Bhoke, nilikusikia siku ile. Nilikujibu."

Alikaa chini pale pale kwenye mtama. Akazichezea punje kwa vidole. Halafu akasema, "Mimi nilifika mahali nikaona labda niliota. Labda sikukuambia. Maana mtu kama wewe, umefiwa, ungesemaje uongo? Nikawa najiambia, Bhoke, uliondoka tu. Miaka kumi nimekuwaga namwambia mume wangu kwamba niliondoka tu."

Nilipiga magoti. Akaniambia niinuke, watoto wake wanatazama. Hakuniambia amenisamehe, na sikumuuliza. Alinipa maji ya kunywa. Nilipotaka kuondoka akasema ana mambo mawili. La kwanza, nikaseme mkutanoni, mbele ya wale wale, kama bado wako hai. La pili akauliza habari zako.

"Yule binti yuko wapi? Siku ile ya mkutano alikuwa ananong'ona kwa bibi yake, mimi nililala, mimi nililala. Nilimsikia kutoka pale niliposimama. Mwambie nilimlaza mimi. Alikuwa hataki kulala, nikamwimbia mpaka akalala, nikamfunika kanga yangu. Mwambie hivyo."

Nimekuambia.

Niliporudi nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua, akauliza, "Ulimsikia?" Nikasema nilimsikia. "Ukamjibu?" Nikasema nilimjibu. Akamaliza sinia lote. Halafu akainuka akahamishia godoro lake chumbani kwako. Uliporudi kutoka shule ukamkuta amelala kwako, ulidhani ni kwa sababu unakaribia kuondoka. Wiki iliyopita uliniuliza mbona mimi na mama yako hatuongei, nikasema anaumwa kichwa. Haumwi. Ana haki yake, na usimwombe abadilike kwa ajili yangu. Neno moja tu aliniambia jana: "Mtoto asipande basi bila kujua. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Unakwenda kufundishwa na walimu wenye vitabu, na watajua mengi kuliko mimi. Lakini kuhusu maji naweza kukuambia kidogo, maana nimeyalipia. Wape watoto maji, Nyangeta. Usiwanyime kwa sababu ya nyumba yetu. Kuvunja lile hori lilikuwa kosa jingine langu. Kijiji hiki kimekaa miaka kumi watoto wanalia bandani na hakuna aliyethubutu kuwawekea hata beseni. Anza na vidole vinne. Weka tundu chini, na wakimaliza mwaga, hata kama kisima kiko mbali. Ukiletewa fundi anayejivunia kazi yake, mlete akae na watoto kabla hajashika msumeno, na ukimwambia jambo akasema si kazi yako, usiwe na adabu kama Bhoke. Piga kelele. Kataa kupokea. Nimefikiria mara nyingi kwamba angenitukana siku ile ningekasirika, na pengine ningetengeneza mfuniko kwa hasira tu.

Na mikono yako usiiweke nyuma. Nimeona juzi mtoto wa jirani alivyokukimbilia, ukamwinamia lakini hukumshika. Alisubiri.

Mkutano wa kijiji ni Jumatano. Nimeshamwambia balozi wangu wa nyumba kumi kwamba nina la kusema, na nimemwomba mwenyekiti wa zamani aje, ingawa miguu haimsaidii. Wewe utakuwa umefika chuo. Watu wataandika, watakutumia maneno na wasafiri, wengine watasema baba yako amechanganyikiwa, wengine watasema mabaya zaidi. Waache. Watakayosema yatakuwa kweli kwa sehemu kubwa. Sijui kama nitaendelea kuwa fundi wa kijiji. Sijui kama mama yako atarudi chumbani. Sisemi kwa sababu najua itaishaje.

Barua hii nitakupa mkononi mkirudi, jua likiwa bado lipo, upate kuisoma nje. Mimi nitakuwa hapa karakana, mlango wazi. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kunifokea, nifokee. Usipotaka kuniona, mama yako atakusindikiza kesho asubuhi barabarani, na mimi nitalibeba sanduku mpaka pale na kuliweka chini, sitasema kitu.

La mwisho ni hili. Wiki hii Bhoke alituma mtu kuuliza unaondoka lini na kwa basi gani, na mimi nikamjibu. Basi husimama Kiabakari kupakia mizigo, kama robo saa hivi. Atakuwa pale kesho, ametembea kutoka Buhemba. Amesema atavaa kitambaa cheupe kichwani ili umjue, na kwamba hana neno kubwa, anataka tu kukuona ulivyokua. Hulazimiki kushuka. Lakini ukiamua, mwambie kondakta akusubiri, ushuke, umpe mkono.

Baba yako,
Magesa